Nyumba za Kumbukumbu na Mji Uliocheza Dansi



Ndugu wapendwa, huko Detroit, Marekani, kuna nyumba ya kawaida ambayo watu huvuka bahari ili kuiona. Bwana Berry Gordy aliinunua mwaka 1959, akaigeuza kuwa studio ya kurekodi muziki wa kampuni yake ya Motown. Kampuni ilipohamia kwingine, dada yake, Esther Gordy Edwards, alibaki akitunza picha, mavazi na karatasi ambazo wengine waliziona takataka. Mwaka 1985 akaifanya nyumba hiyo kuwa makumbusho. Huko Memphis, nyumba ya Elvis Presley ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1982, miaka 5 baada ya kifo chake. Na mjini Tupelo kimehifadhiwa kijumba cha vyumba 2 alimozaliwa mwaka 1935, ili mgeni aone kwa macho yake kwamba mtu yule mashuhuri alitoka katika ufukara.

Wengi wetu hatutafika huko. Lakini kutoka Sangasanga hadi Morogoro mjini ni safari fupi ya daladala, na mji ule nao una historia ya muziki ambayo wageni kutoka Ulaya huijua, pengine kuliko vijana wetu. Juma hili napenda tuitembelee pamoja.

Tuanzie stesheni ya zamani ya reli. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Ilileta watu, barua na bidhaa. Baadaye ikaleta pia gramafoni na santuri. Mashamba ya mkonge yaliyouzunguka mji yalikusanya vibarua wa makabila mengi, wenye mshahara kidogo mfukoni na hamu ya kupumzika mwisho wa juma. Mahali penye stesheni, soko na watu wa kila kabila ndipo panapozaliwa muziki wa mjini.

Santuri hizo zilitoka wapi? Tangu miaka ya 1930 kampuni ya HMV iliuza Afrika santuri zenye alama ya GV, ambazo nyingi zilikuwa na muziki wa Kuba. Wimbo mmoja uliovuma kupita zote, "El manisero", yaani muuza karanga, ulirekodiwa New York mwaka 1930 na bendi ya Don Azpiazú kutoka Havana. Tazameni safari hiyo! Watu weusi walichukuliwa utumwani kutoka Afrika, hasa ya magharibi na Kongo, wakapelekwa Kuba na kumbukumbu ya ngoma zao. Ngoma hizo zikachanganyika na magitaa ya Wahispania, zikarekodiwa Marekani, zikapakiwa melini, zikashushwa bandarini na kupandishwa garimoshi hadi chini ya milima ya Uluguru. Wazee wetu waliposikia mdundo ule hawakuhitaji mkalimani. Kitu chao kilikuwa kimerudi nyumbani.

Miongoni mwa waliosikia alikuwemo kijana Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928. Wanaosimulia habari zake husema kwamba alitoroka nyumbani akitaka kwenda Kuba, akaishia Mombasa. Alirudi Morogoro, na mwaka 1948 akaanzisha bendi iliyoitwa La Paloma, jina la Kihispania lenye maana ya njiwa. Mwaka 1952 ikazaliwa Cuban Marimba Band. Hakufika Kuba, lakini aliileta Kuba Morogoro, akaivika Kiswahili.

Bendi hiyo ilikuta nyingine mjini. Morogoro Jazz Band ilikuwa imeundwa mwaka 1944. Neno "jazz" lilitoka Marekani, lakini hapa halikuwa na maana ya muziki uleule wa Louis Armstrong. Lilimaanisha tu bendi ya kisasa ya dansi, kama ilivyokuwa kwa Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz au Kilwa Jazz. Mwaka huohuo wa 1944 alizaliwa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyejiunga na bendi hiyo katikati ya miaka ya 1960, akawa mpiga gitaa na mtunzi ambaye sauti yake ilijulikana kila penye redio. Mwaka 1970 alifika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 aliunda bendi yake, Super Volcano.

Wote wawili waliondoka mapema, na kwa namna moja: ajali ya barabarani. Salum Abdallah alifariki Novemba 1965 akiwa na miaka 37, na Juma Kilaza akaiendeleza Cuban Marimba. Mbaraka alifariki Mombasa Januari 1979 akiwa na miaka 34.

Huenda mtu akauliza: Padre, dansi inatuhusu nini? Ni kweli kwamba kumbi za dansi zilikuwa na pombe na vishawishi vyake, na wazee wa familia walikuwa na sababu ya kuonya. Ni kweli pia kwamba wanamuziki hao wawili walikuwa Waislamu. Lakini katika kumbi hizo Mluguru, Mpogoro, Mnyamwezi na Mhehe walijifunza kucheza mdundo mmoja na kuimba lugha moja, kabla taifa halijapata bendera. Na Yoshua bin Sira, katika sura ya 44, anapowasifu watu mashuhuri wa kale, hawasahau waliotunga nyimbo. Kisha anataja kwa huzuni wale ambao hawakuacha kumbukumbu yoyote, wakawa kana kwamba hawakuzaliwa kamwe.

Hapo ndipo penye uzito, ndugu zangu. Muziki wenyewe haujapotea: kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam zipo, na santuri zinatafutwa duniani kote. Kinachopotea ni mahali. Ni jengo gani lilikuwa ukumbi? Bendi ilifanyia mazoezi nyumba ipi? Nani alishona sare zao? Kwa mambo kama haya mgeni hutegemea kinywa cha mzee, na wazee wenyewe tunawazika kila mwezi. Mwaka 2024 treni ya umeme imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Wageni wataongezeka. Tutawaonyesha nini?

Esther Gordy Edwards hakuanza na serikali wala mfadhili. Alianza kwa kukataa kutupa. Nasi twaweza. Mwenye picha ya zamani aandike nyuma yake majina, mahali na mwaka. Mwenye babu au bibi aliyecheza dansi enzi hizo akae naye jioni moja amsikilize. Nanyi wanafunzi wa Chuo Kikuu Mzumbe, ambao simu zenu hurekodi mambo mengi yasiyo na faida, rekodini sauti za wazee hawa wakiwa bado na pumzi, kisha nendeni mjini mkasimame mahali walipopataja.

Nawatakia juma jema lenye baraka.

Padre wenu.