Kugeuza mayai ya kware: Kazi ndogo inayookoa vifaranga

KWARE wa kufugwa, ambaye asili yake ni Japani, ni hodari wa kutaga lakini ni nadra kuatamia. Kwa hivyo mfugaji wa Nyali, kama wenzake kwingineko, hutegemea kiangulio, na humo ndimo hasara nyingi huanzia.

Ndani ya yai, kiini ni chepesi kuliko ute na daima huelea kuelekea juu, kikiwa kimebeba kiinitete mgongoni. Yai likilala upande mmoja kwa muda mrefu, kiinitete hugandamana na utando wa ndani ya ganda na kufa. Kuligeuza pia husaidia mishipa ya damu kutanda vyema na ute kutumika kuwa chakula. Ndege anayeatamia hufanya kazi hiyo kwa mdomo wake, usiku na mchana.

Anayegeuza kwa mkono aandike alama kwa penseli, X upande mmoja na O upande wa pili, kisha ageuze mara tatu au tano kwa siku. Idadi isiyogawanyika kwa mbili huhakikisha kwamba upande uliolala chini usiku wa leo si ule wa jana. Mikono iwe safi, kwani ganda lina vitundu vipitishavyo vijidudu. Mashine zinazojigeuza huinamisha trei kiasi cha nyuzi 45, aghalabu kila saa. Lakini trei za mayai ya kuku hazifai, maana yai la kware, lenye uzito wa gramu 10 hivi, hupwaya humo.

Wiki ya kwanza ndiyo muhimu zaidi. Ifikapo siku ya 14 au 15, acha kugeuza, kwa sababu kifaranga hujipanga kuelekea penye hewa, tayari kutoka siku ya 17 au 18.

Hewa ya Nyali, jirani na bahari, huwa na unyevu mwingi. Usijaze maji ovyo: yai lisipopoteza maji ya kutosha, kifaranga huweza kufa kabla ya kutoboa ganda. Umeme nao ukipotea, mota ya kugeuza husimama kimyakimya. Inamisha trei kwa mkono, kisha ufunge mlango upesi joto lisitoroke.

Mayai yaliyokataa kuanguliwa yapasuliwe. Kiinitete kidogo kilichonata gandani ni dalili mojawapo kwamba ugeuzaji ulizembewa siku za mwanzo.