Vigwe vya Mabegani katika Koti la Waskoti

Mtu ahudhuriaye arusi ya Waskoti ataona wanaume wamevaa kilti pamoja na kijikoti cheusi kifupi. Juu ya kila bega pamelazwa kigwe kilichosukwa, nacho kimefungwa kwa kifungo kimoja karibu na shingo. Kigwe hicho hakishiki kitu chochote. Wengi husema kuwa ni urithi wa mababu wa Nyanda za Juu tangu kale. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kuwa sivyo: kigwe hicho ni alama ya jeshi, na kilifika hapo kwa sababu ya sheria.

Kijikoti chenyewe huitwa Prince Charlie, kwa jina la Charles Edward Stuart, ambaye majeshi yake yalishindwa huko Culloden tarehe 16 Aprili 1746. Lakini yeye hakupata kuvaa koti la namna hiyo. Mshono wake watokana na kijikoti cha askari wa Uingereza kilichotumika hata mwaka 1855.

Baada ya vita vile Bunge la Uingereza lilitunga sheria, ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1747, iliyowakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu. Mwenye kukosa mara ya kwanza alifungwa miezi 6. Akirudia, alipelekwa ng'ambo kwa miaka 7. Ila askari wa mfalme hawakukatazwa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Basi kwa miaka 35 mahali ambapo mavazi hayo yalivaliwa kwa ruhusa ni katika vikosi vya jeshi kama Black Watch. Mwaka 1822, Mfalme George IV alipozuru Edinburgh na Walter Scott akapanga sherehe zake, watu wengi walivaa kilti kwa fahari. Lakini vazi lile lilikuwa limekwisha pita mikononi mwa mafundi wa jeshi.

Ama kigwe cha begani, hapo kwanza kilikuwa na kazi: kilizuia mkanda wa silaha usiteleze. Baadaye kikawa alama ya cheo. Mashada makubwa ya mabegani yaliondolewa katika jeshi la Uingereza mwaka 1855, na mwaka 1880 maofisa wakapewa kamba za dhahabu zilizosokotwa. Koti la raia lilifuata desturi hiyo, ila dhahabu ikawa nyeusi.

Hapa lugha yetu yatusaidia kupambanua kazi ya fundi. Kamba husokotwa, ukili husukwa. Fundi wa vigwe hufanya yote mawili. Huchukua kamba nyembamba zilizokwisha sokotwa, akazisuka bapa kama msusi wa ukili, akipishanisha nyuzi bila kulegeza mkono. Lazima akate kamba ndefu kuliko bega, maana kusuka hula urefu. Kisha hushona ncha zisifumuke. Ncha moja huingizwa katika mshono wa mkono wa koti, na ya pili huishia kwenye kifungo. Mkono ukikwisha shonwa kabla ya kigwe kuwekwa, hapana budi kuufumua.

Wala mambo haya hayako mbali nasi kabisa. Katika ngoma ya Beni, vyama vya pwani viliiga sare za kijeshi na vyeo vyake, na huko Mombasa chama cha Scotchi kiliiga mavazi ya Waskoti. Wachezaji wale walichukua vazi la jeshi wakalifanya lao, kama Waskoti wenyewe walivyofanya kabla yao.

Kwa hiyo tusiseme kuwa vigwe hivyo ni vya uongo kwa kuwa si vya kale. Desturi huweza kuhifadhiwa na yule yule aliyeikataza, na anayeihifadhi huacha alama ya mkono wake.