Ro, La, na Shangazi Aliyeambiwa Ni Mawazo

Shangazi yangu hamezi ugali bila maji. Si mapozi. Mdomo wake hautoi mate ya kutosha, na macho yake anasema ni kama yametiwa mchanga. Miaka minne aliambiwa ni stresi. Akapimwa sukari mara tatu. Mtaani wakasema ni mawazo ya mume aliyeenda. Mwaka jana ndipo damu yake ikapimwa vizuri, tukapewa jina: Sjögren. Mimi, msee niliyeacha chuo mwaka wa pili, nikaanza kusoma. Manze, hii historia iko na mambo.

Tuanze London, 1888. Daktari Hadden alieleza habari za mwanamke aliyekauka mdomo na macho. Ikabaki stori ya mgonjwa mmoja.

Sasa twende Uswidi. Mwaka 1930 daktari wa macho, Henrik Sjögren, alipata mgonjwa mwanamke mwenye macho makavu, mdomo mkavu, na viungo vinavyouma. Angeweza kumtibu macho tu na kumrudisha nyumbani. Badala yake akaanza kutafuta wengine kama yeye. Mwaka 1933 aliwasilisha tasnifu Stockholm kuhusu wanawake 19, na 13 kati yao walikuwa na ugonjwa wa viungo. Wakubwa hawakuvutiwa. Alama alizopata hazikutosha kumpa cheo cha kufundisha chuo kikuu, akarudi kutibu watu. Tasnifu ilikuwa kwa Kijerumani. Dunia ilianza kuisikia vizuri baada ya daktari Mwaustralia, Bruce Hamilton, kuitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1943.

Najua mnangoja niseme alama hazina maana, oneni Sjögren, oneni mimi. Zii. Yule jamaa alimaliza tasnifu. Mimi kuna kazi za darasani sijawasilisha hadi leo. Alichonishinda ni kitu kingine: wanawake 19 walimwambia wanaumia, akawaamini wote.

Ila kwa nini tezi za mate zinakauka? Mwanzoni mwa karne ya 20, Paul Ehrlich wa Ujerumani alikuwa amefundisha kwamba mwili unaogopa kujishambulia, na wengi wakalichukua hilo kama sheria. Miaka ya 1950 sheria hiyo ikaanza kupasuka. Mwaka 1958 daktari Jones aliripoti kwamba damu ya wagonjwa hawa ilikuwa na kingamwili zinazoshika vitu vya tezi za machozi na mate. Kingamwili ni silaha ya kupigana na vijidudu. Hapa silaha ilikuwa imeelekezwa kwa mwenye nyumba.

Mwaka 1970, Norman Talal na wenzake kule Marekani walichukua vipande vya tezi za mate za wagonjwa, wakaonyesha kwamba chembe nyeupe zilizojaa humo zilikuwa zinatengeneza kingamwili hapohapo. Mwaka 1998 watafiti wakaonyesha chembe ndani ya tezi zinazotengeneza kingamwili dhidi ya protini mbili za mwili wenyewe, Ro na La. Yaani hawa askari hawakupita tu wakivunja vyombo. Walipanga chumba, wakafungua kiwanda ndani.

Hizo Ro na La si mchezo. Mama mjamzito akiwa na kingamwili hizi, zinaweza kumfikia mtoto tumboni na kuharibu njia za umeme za moyo wake. Si watoto wengi, lakini kujua mapema kunafanya moyo wa mtoto ufuatiliwe. Kwa hivyo kumwambia mwanamke "ni mawazo" kunaweza kumgharimu mtu ambaye hata hajazaliwa.

Halafu hili ndilo lilinigusa zaidi. Ro na La ni herufi mbili za kwanza za majina ya wagonjwa ambao damu yao ilitumika utafiti ulipofanywa, Ro mwaka 1969 na La mwaka 1974. Daktari anaandikwa jina zima kwa ugonjwa. Mgonjwa anapewa herufi mbili. Sisemi Sjögren hakustahili. Nasema bila wale 19, na bila Ro na La, hakuna kitu angeandika mtu.

Hata Venus Williams, na pesa zake zote, aliumwa miaka kabla ya kuambiwa ni Sjögren mwaka 2011. Sasa fikiria mama wa kijijini.

Shangazi bado anabeba chupa ya maji na dawa ya matone. Hajapona, maana dawa ya kuuondoa kabisa haipo. Lakini siku tuliyopewa majibu alilia, au alijaribu, machozi yakakataa. Akacheka: "Angalau sasa si wazimu."

Mtu wako akikuambia mdomo umekauka kila siku, usimhukumu. Muulize kuhusu macho. Muulize kuhusu viungo. Kisha mwende wote hospitali, na mkirudishwa, rudini tena.