Nyufa za Stringfellow

Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vilienea kusini mwa California, na kila kimoja kilikuwa na kemikali chafu za kutupa. Mwaka 1955 mwanajiolojia wa serikali ya jimbo alipendekeza pa kuzimwaga: machimbo ya mawe ya James Stringfellow, ndani ya korongo juu ya kitongoji cha Glen Avon, kaunti ya Riverside. Sakafu ya korongo, alisema, ni mwamba usiopitisha maji. Likizibwa pengo la mita 76 kwa ukuta, hakuna kitakachochafuka.

Maboza yakaanza kupanda mwaka uliofuata. Yalimwaga tindikali, metali nzito na mabaki ya DDT kwenye madimbwi ya wazi, hadi jumla ikapita galoni milioni 30, yaani zaidi ya lita milioni 110.

Kumbe mwamba ulikuwa na nyufa. Isitoshe, mita 21 tu chini ya sakafu ile palipita maji ya ardhini, ambayo ripoti haikuyataja. Hata ukuta haukufua dafu: mvua za 1969 ziliusomba uchafu nje ya korongo. Mwaka 1972, sumu ilipokwisha kuonekana katika maji ya chini, dampo likafungwa.

Madimbwi yakabaki. Mvua kubwa za 1978 ziliyajaza pomoni, na serikali, kwa kuhofia ukuta usibomoke, ikayafungulia maji yenyewe kuelekea bondeni. Watoto wa Glen Avon wakachezea povu lake. Mkazi mmoja, Penny Newman, akaungana na majirani kudai usafishaji, na mwaka 1983 Stringfellow ikaingia katika orodha ya Superfund, mpango wa taifa wa kusafisha madampo ya sumu. Mwaka huohuo msimamizi wa mpango huo, Rita Lavelle, alifukuzwa kazi, kisha akapatikana na hatia ya kusema uongo chini ya kiapo: alificha ni lini alijua kwamba Aerojet, mwajiri wake wa zamani, ilitupa taka pale.

Mwaka 1998 mahakama ya shirikisho iliiwajibisha serikali ya California kwa uzembe, tangu kuchagua eneo hadi kuchelewa kulisafisha. Gharama zilikadiriwa kufikia dola milioni 700, na serikali ikazigeukia kampuni zake za bima. Zikabishana: sumu iliyovuja kimyakimya kwa miongo, ni ya bima ya mwaka upi? Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo ikajibu kwamba ni ya miaka yote, na viwango vya fidia vya hati zote za bima vijumlishwe.