Hodi Isiyopigwa

Mgeni mwema hupiga hodi. Awe Lamu au Unguja, husimama nje ya mlango, akasalimu, akangoja aitikiwe "Karibu." Asipoitikiwa mara ya tatu hugeuka akaenda zake. Mizizi ya adabu hiyo imo katika sura ya An-Nur ya Kurani, inayowakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao kabla ya kuomba ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Leo imeenea hata kwa wasio Waislamu, popote Kiswahili kinaposemwa. Mwizi anaijua adabu hiyo vizuri, na anaivunja makusudi. Kengele ya wizi basi, hata iwe na umeme kiasi gani, ina kazi moja ya kale: kumpigia hodi mtu ambaye hakutaka kuipiga.

Nimeishika hodi hii iwe kipimo changu, kwa sababu ndani yake mna maswali matatu ambayo kila jamii iliyowahi kulinda nyumba imelazimika kuyajibu. Nani atahisi kwamba mtu ameingia? Nani atasikia? Na nani ataitika? Anayejenga nyumba yake mwenyewe, tofali kwa tofali kadiri mfuko unavyoruhusu, ana bahati ya kuyajibu yote matatu kabla ukuta haujapigwa lipu. Wengi wetu tunajibu la kwanza tu.

Tuanze na nyumba zilizohisi bila waya. Katika kasri la Nijo, jijini Kyoto, lililojengwa kwa amri ya Tokugawa Ieyasu mwaka 1603, sakafu za mbao za ushoroba hulia kama ndege mtu akizikanyaga. Wajapani huziita sakafu za chiriku. Chini ya mbao mna vyuma na misumari, na uzito wa mtu ukishuka vinasuguana. Masimulizi husema ziliwekwa ili muuaji asimnyatie mtawala. Wapo wanaosema mlio huo umetokana tu na misumari kulegea kwa miaka. Ukifuata kauli yoyote kati ya hizo, somo kwa mjenzi halibadiliki: kihisio bora hukaa mahali ambapo mvamizi hana budi kupita. Dirisha anaweza kulichagua, lakini akishaingia, ushoroba hawezi kuukwepa.

Roma ilikuwa na bata bukini. Mwanahistoria Livio anasimulia kwamba mwaka 390 kabla ya Kristo Wagaul walipanda kilima cha Kapitolio usiku, kimya kabisa, na mbwa hawakubweka. Waliopiga kelele ni bukini waliotengwa kwa ajili ya mungu wa kike Juno. Marcus Manlius akaamka, akawasukuma washambulizi wa kwanza wakaporomoka. Baadaye Warumi walikuwa na desturi ya kila mwaka ya kuwabeba bukini kwa heshima na kuwaadhibu mbwa. Adhabu hiyo ni ya kikatili, lakini woga ulioizaa naueleza kwa mhandisi yeyote bila shida: mlinzi anayenyamaza wakati wa kusema ni hatari kuliko kukosa mlinzi, maana umelala ukimtegemea.

Nyumba ya mawe ya Mwambao ilitegemea macho zaidi ya masikio. Kuta zake za nje ni nene na hazina madirisha mengi upande wa njia. Mwanga huingia kupitia uwanja wa ndani. Mlango ni mzito na una komeo. Mbele ya mlango kuna daka, na nje kuna baraza, ambako wanaume huketi jioni wakizungumza. Baraza ni kihisio, na ni king'ora pia. Mtu asiyejulikana hapiti mtaani bila kusalimiwa, na salamu ni swali: watoka wapi, waenda kwa nani? Ulinzi huo haukugharimu waya wala betri. Uligharimu muda wa watu kukaa pamoja, na hiyo ndiyo gharama ambayo miji yetu mipya, yenye kuta za fensi na mageti ya chuma, imekataa kuilipa.

Waya ulikuja kutoka Massachusetts. Mwaka 1853 Augustus Russell Pope wa Somerville alipata hataza ya kengele ya umeme. Milango na madirisha yaliunganishwa na betri, sumaku-umeme na kengele. Mlango ukifunguliwa, mkondo wa umeme ulikamilika na nyundo ikaanza kugonga. Edwin Holmes alinunua haki za uvumbuzi huo mwaka 1857, akaanza kuziuza kengele Boston mwaka uliofuata, kisha akahamia New York mwaka 1859.

Lakini ubuni wa Pope ulikuwa na udhaifu wa mbwa wa Kapitolio. Nyumba ikiwa salama, waya ulikaa bila mkondo. Ukikatwa, haukusema lolote, na ukimya wa waya uliokatwa ulifanana na ukimya wa amani. Waliofuata waligeuza kanuni: mkondo upite muda wote, na kukatika kwake ndiko kuwe kelele. Hapo mwizi naye akajifunza. Badala ya kukata, aliunganisha nyuzi mbili ili mkondo uzunguke njia fupi na kihisio kiachwe nyuma.

Jibu la siku hizi ni dogo kama punje ya mchele. Ndani ya kihisio, mwisho kabisa wa waya, fundi huweka resista mbili. Tuseme kila moja ni omu 4,700: moja imeungwa mfululizo, ya pili imeshikana na swichi ya mlango. Mlango ukifungwa, paneli, yaani kisanduku kinachoongoza kengele nzima, husoma 4,700. Ukifunguliwa husoma 9,400. Nyuzi zikigusanishwa husoma sifuri, na zikikatwa haisomi kitu. Hali ni nne, na moja tu kati yake maana yake ni usalama. Hii ni hodi ya kudumu: paneli inamwita kila mlinzi wake bila kupumzika, na asiyeitika sawasawa anahesabiwa kuwa ameingiliwa. Kwa hiyo, ndugu mjenzi, ukimkuta fundi ameziweka resista ndani ya paneli kwa sababu ni rahisi kuzifikia, mwambie azitoe. Zikiwa pale zinaipima paneli yenyewe, na waya wote uliopita ukutani unabaki bila ulinzi.

Mpango wa waya hufanywa nyumba ikiwa imepauliwa, kuta zikiwa bado tofali tupu, wakati uleule fundi umeme anapotindua kuta kupitisha mabomba yake. Waya wa kengele upewe bomba lake, mbali na nyaya za volti 230, kwa usalama na ili paneli isipokee vurugu za umeme. Kila kihisio kipate waya wake mpaka kwenye paneli, bila kurukia kingine njiani. Ukiharibika mmoja, utajua ni upi. Waya wa nyuzi sita unatosha: mbili za umeme wa volti 12, mbili za taarifa, mbili za kulinda kifuniko kisifunguliwe. Paneli ikae stoo au chini ya ngazi, ndani ya eneo linalolindwa, isikae kando ya mlango mkuu. Mlangoni inatosha kibodi ya kuandikia namba ya siri.

Milango ya nje iwekewe swichi za sumaku. Kijichuma chake kilichofungiwa ndani ya kioo ni kazi ya maabara za Bell ya mwaka 1936, na bado hakijapitwa na wakati. Ushoroba, ile sakafu ya chiriku, upewe kihisio cha mwendo kinachosoma joto la mwili. Kiwe pembeni, juu kidogo ya mita mbili, kisitazame dirisha lenye jua. Kielekezwe mahali ambapo mtu atapita akikikata mbele, maana anayekijia moja kwa moja hukitatiza zaidi. Na kabla ya lipu, piga picha ya kila ukuta ukiwa umenyoosha futi kamba kando ya mabomba. Miaka kumi baadaye, mtu atakapotaka kutoboa ukuta apachike kabati, picha hizo zitakuwa na thamani.

Umeme ukikatika, betri ndiyo mlinzi. Paneli ikila miliampia 100 na vihisio vinane vikila 15 kila kimoja, jumla ni 220. Betri mpya ya volti 12 na ampia-saa 7 itakaa takriban saa 32. Chukua nusu ya hesabu hiyo, kwa kuwa betri huzeeka na king'ora kina njaa yake. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 50131 kinadai saa 12 kwa daraja la pili, ambalo ndilo la nyumba nyingi za kawaida.

Mpaka hapa waya umejibu nani atahisi, na king'ora kimejibu nani atasikia. Swali la tatu halina resista.

Wasukuma na Wanyamwezi walilijibu kwa yowe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi, vijiji vilijipanga kuwa sungusungu. Filimbi ililia, kijiji kikapokezana sauti na kingine, wanaume wakatoka kufuata nyayo. Asiyeitika alijiweka kwenye hatari ya faini au kutengwa. Ukivuka bahari na karne saba, unamkuta Edward wa Kwanza wa Uingereza akiamuru karibu jambo hilohilo katika sheria ya Winchester ya mwaka 1285. Milango ya miji ifungwe toka jua kuzama hadi kuchomoza, walinzi wakeshe, na yowe likipigwa watu wote wafuate kutoka kitongoji hadi kitongoji. Wilaya iliyoshindwa kumtoa mnyang'anyi ilimlipa aliyeibiwa. Waingereza hao hawakuwahi kuonana na Wasukuma, lakini walifikia hitimisho moja: sauti bila wajibu wa kuitika ni kelele tu.

Jamii zote mbili ziliujua pia upande wa pili. Kule Uingereza aliyepiga yowe la uongo alitozwa faini. Huku kwetu, neno "mwizi!" likipigwa sokoni limewahi kugharimu uhai wa mtu asiye na hatia, na hilo ni doa letu. Kwa hiyo kengele njema huita mashahidi na msaada, isiite wauaji. Polisi wa Uingereza wa leo nao hudai uthibitisho, kwa mfano vihisio viwili tofauti vitoe taarifa, kabla hawajatuma gari. King'ora kinacholia kwa sababu ya paka kinawafundisha majirani kulala, na funzo hilo halifutiki upesi.

Wapo wanaodhani simu imelimaliza swali. Ndugu yetu yuko Muscat au Birmingham, nyumba yake iko Kibaha, na ujumbe unamfikia kitandani: kihisio cha sebule kimeguswa. Atafanya nini? Wahenga walishasema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Simu imerefusha sikio lake; mkono umebaki palepale ulipokuwa.

Ndiyo maana ninasema mchoro wa kengele uanze na majirani, vihisio vifuate. Kabla ya kununua mita moja ya waya, nenda kwa mwenye nyumba ya kushoto, ya kulia na ya mbele, na kwa balozi wa nyumba kumi. Kubalianeni nani atatoka, nani atapiga simu polisi, nani atabaki na ufunguo wa geti. Kubalianeni pia kwamba hakuna atakayempiga mtu. Usisahau grili za madirisha: moja katika kila upande ifunguke kwa ndani, kwa sababu moto nao hauna adabu ya hodi.

Siku fundi atakapomaliza, chagua alasiri ya Jumamosi, uwaite wote uani. Mwambie mwanao afungue mlango wa jikoni huku kengele imetegwa. King'ora kilie mpaka mwisho wa mtaa, kila mmoja aijue sauti yake. Kisha zima usikilize. Ukisikia mtu wa nyumba ya tano ambaye hukumwalika akiuliza kutoka nyuma ya ukuta, "Jamani, kuna usalama huko?", mpe namba yako ya simu. Huyo ameitika.