Habari za Hosteli ya Waafrika Katika Jiji la London

Baada ya wanachama kusoma taarifa ya kazi na hesabu za mwaka, imeonekana vyema kuwawekea hapa habari moja ya zamani, ili tupate kupima mambo yetu kwa mambo ya wenzetu. Habari yenyewe yahusu malazi. Mtu afikaye katika mji mkubwa, mfuko wake ukiwa mwepesi na asiwe na ndugu wa kumpokea, hutanguliza swali moja kabla ya kazi na kabla ya masomo: usiku huu nitalala wapi? Vyama vya usaidizi kama chetu vilizaliwa na swali hilo. Wazee wetu wajua jinsi Mwafrika aliyefika Nairobi wakati wa ukoloni alivyofungiwa milango ya hoteli za Wazungu, akaenda kulala kwa mtu wa kwao huko Pumwani, au Kariakor, au katika landi za Reli. Lakini si wengi wajuao kwamba katika miaka ile ile, kwenye makao makuu ya Dola yenyewe, Waafrika wachache waliosafiri hadi London walipatwa na taabu iyo hiyo, nao wakaitafutia dawa kwa njia ya chama.

London haikuwa na sheria iliyomkataza mtu mweusi kulala mahali fulani. Kalaba ya huko ilikuwa ya mdomo na ya mlangoni. Msafiri alibisha hodi, mwenye nyumba akamtazama, kisha akaambiwa kwamba chumba kimekwisha pata mtu. Harold Moody, kijana kutoka Jamaica, aliwasili mwaka 1904 kusomea udaktari, akazunguka sana kabla ya kupata mtu wa kumpangisha chumba. Alipokuwa daktari na kupata nyumba yake mwenyewe katika mtaa wa Peckham, aliifanya kuwa kimbilio la wageni weusi, na mwaka 1931 akaanzisha chama cha kuwatetea.

Aliyebahatika kupata chumba alikaa katika umaskini. Chumba kilikuwa kimoja, mara nyingi juu kabisa ya nyumba, na mpangaji aliyetaka moto wakati wa baridi alipaswa kutia sarafu katika mita ya gesi. Jomo Kenyatta aliyajua maisha hayo. Alitumwa London na Kikuyu Central Association mwaka 1929, akarudi nyumbani mwaka 1930, akaenda tena mwaka 1931, na hakuiona Kenya tena mpaka Septemba 1946. Kati ya mwaka 1933 na 1937 alikaa katika nyumba namba 95 ya Cambridge Street, mtaa wa Pimlico, na siku hizi pana kibao ukutani cha kuwakumbusha wapitao. Fedha za kutoka nyumbani hazikumtosha, na mara kwa mara alihangaika kwa ajili ya kodi. Mjumbe aliyebeba malalamiko ya ardhi ya watu wake hakuwa na hakika ya paa lake mwenyewe.

Walioamua kuijenga dawa walikuwa wanafunzi wa Afrika Magharibi. Tarehe 7 Agosti 1925, wanafunzi 21 waliunda West African Students' Union, yaani WASU, wakiongozwa na Ladipo Solanke wa Nijeria, aliyekuwa akisoma sheria, na kwa msaada wa Dkt. Bankole-Bright wa Sierra Leone. Tangu mwanzo walitaka hosteli yao wenyewe. Mwaka 1928 Marcus Garvey aliwapatia nyumba ya kutumia kwa muda. Muda ulipokwisha, chama kikawa nje tena. Hapo walijifunza kwamba nyumba ya kuazima, hata ikitoka kwa rafiki, ina siku yake ya kurudishwa.

Basi mwaka 1929 Solanke alipanda meli kwenda Afrika Magharibi kuchanga fedha. Alizunguka nchi zile kwa muda wa miaka mitatu, akifungua matawi ya chama na kupokea michango ya machifu, wafanyabiashara, makarani na watu wa kawaida. Ilikuwa harambee, ijapokuwa hawakuiita kwa jina letu. Alirejea mwaka 1932, na mwezi wa Machi 1933 hosteli ilifunguliwa katika nyumba namba 62 ya Camden Road. Haikuwa nyumba ya fahari. Vyumba vilikuwa vichache, na deni halikukosekana. Lakini mkewe Solanke aliangalia jiko, na mgeni aliyetoka melini aliweza kula chakula cha kwao, kusikia lugha ya kwao na kusoma magazeti ya kwao.

Hapo ndipo jambo zito lilipotokea. Wizara ya Makoloni nayo ilikuwa na mpango wa kufungua hosteli kwa ajili ya wanafunzi wa Kiafrika, ikiwa chini ya wadhamini iliowakubali wenyewe. Hosteli hiyo ilifunguliwa mwaka 1934 katika Doughty Street, ikaitwa Aggrey House, kwa heshima ya Dkt. James Aggrey wa Gold Coast, mwalimu mashuhuri aliyefika Kenya mwaka 1924 pamoja na Tume ya Phelps-Stokes. Jina lilikuwa zuri, na nyumba ilikuwa na fedha nyuma yake. Hata hivyo WASU waliikataa. Walichapa kijitabu wakieleza kwamba shabaha yake ni kuwatawala wanafunzi, yaani kujua nani analala wapi, anasoma nini, na anazungumza na nani usiku. Wakawaomba wanachama wasikanyage huko.

Hapakosekani wasomaji watakaoona kwamba huo ulikuwa ukaidi, maana maskini hachagui kitanda. Wala si Waafrika wote wa London waliokubaliana na WASU, Dkt. Moody mwenyewe aliiunga mkono Aggrey House, na watu wema walilala humo kwa amani. Lakini tutazame mwisho wake. Mwaka 1940 Aggrey House ilifungwa. Waliokuwa wakiitumia hawakuwa na uwezo wa kuizuia isifungwe, kwa kuwa haikuwa mali yao. Hosteli ya WASU, pamoja na madeni yake, ilikuwa ingali wazi. Tangu mwaka 1938 ilikuwa imehamia nyumba kubwa zaidi katika Camden Square, na wakati huo hata Serikali iliyokuwa ikiipinga ilikwisha anza kuisaidia kwa fedha kidogo. Msaada ulipokelewa, lakini ufunguo ulibaki mkononi mwa chama.

Matunda ya ufunguo huo yalionekana wakati wa vita. Mwezi wa Agosti 1941, siku chache baada ya Churchill na Roosevelt kutangaza Mkataba wa Atlantiki, Clement Attlee, aliyekuwa waziri katika Serikali ya vita, alizungumza mbele ya wanachama wa WASU, akasema kwamba ahadi za uhuru zilizomo ni za mataifa yote, weusi kwa weupe. Mwezi uliofuata Churchill aliliambia Bunge kwamba wao waliyafikiria hasa mataifa ya Ulaya yaliyokandamizwa na Wajerumani. Lakini neno la Attlee lilikuwa limekwisha sikika, nao Waafrika walilishika. Mwezi wa Mei 1945 Kwame Nkrumah aliwasili kutoka Marekani. George Padmore alimpokea na kumpeleka hosteli ya WASU, akakaa hapo huku akitafuta chumba. Alitembea mitaa mingi na kukataliwa kwingi kabla ya kupata chumba katika Burghley Road. Katika mwaka huo huo alisaidia kuandaa Mkutano wa Waafrika wote uliofanyika Manchester, ambao Kenyatta naye alihudhuria.

Ubaguzi haukumchagua maskini tu. Mwaka 1943 mcheza kriketi mashuhuri Learie Constantine wa Trinidad alikuwa amelipia vyumba kwa ajili yake na jamaa yake katika Imperial Hotel ya London. Walipofika waliambiwa kwamba hawatakiwi zaidi ya usiku mmoja. Aliishtaki hoteli, na mwaka 1944 akashinda, akapewa fidia ya gini 5. Fidia ilikuwa ndogo, lakini hukumu ilikuwa kubwa. Hata hivyo ilichukua mpaka mwaka 1965 kwa Bunge la Uingereza kuzikataza hoteli kubagua watu kwa rangi, na mpaka mwaka 1968 kwa sheria kufikia nyumba za kupanga.

Haifai kuwaficha wanachama upande wa pili. Baada ya mwaka 1950 WASU walidhoofika. Hawakuangushwa na Serikali, bali na madeni na mafarakano ya viongozi. Solanke, aliyezunguka miaka mitatu kuomba senti, alitengana na wenzake, akafariki London mwaka 1958.

Twaona mambo matatu katika habari hii. Kwanza, nyumba ya wageni ni zaidi ya kitanda. Mgeni aliyelala bila hofu ndiye awezaye kufikiri, na waliolala chini ya paa moja hujuana na kusaidiana. Pili, msaada si haramu, bali mpangilio wake ndio ulio muhimu: WASU walitangulia kuwa na nyumba yao, kisha wakapokea msaada, hawakungoja msaada uwajengee nyumba na kuwawekea masharti. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tatu, nyumba iliyojengwa kwa michango ya miaka mingi yaweza kupotea upesi kwa hesabu mbaya na ugomvi wa viti. Daftari la hesabu ni nguzo ya nyumba sawasawa na mawe.

Hata leo kijana atokaye mashambani hushuka Nairobi na begi moja, akatafuta kitanda cha bei nafuu katika River Road au kwa jamaa. Hakuna mlango unaofungwa kwa sababu ya rangi yake, lakini mji hauna huruma kwa asiye na mtu. Wanachama wanapolizungumza jambo la vyumba vya wageni katika mikutano yetu, wasikatishwe tamaa na udogo wa mfuko, kwa maana nyumba ya Camden Road nayo ilianza kwa mfuko mdogo. Kwanza tujiulize: ikiwa nyumba hiyo itasimama, ufunguo wake utakuwa mkononi mwa nani, na ni nani atakayelinda daftari lake?