Sifuri ni salama: historia ya namba inayolinda kumbukumbu zetu

Leja za vyama vya akiba na mikopo, orodha za wanafunzi, mafaili ya wagonjwa, hesabu za maduka ya dawa: mambo ambayo wilaya ya Same iliyaandika kwa kalamu kwenye madaftari makubwa, leo yamo ndani ya kompyuta. Malipo ya halmashauri yanapita kwenye mfumo wa MUSE. Takwimu za afya zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo ulioenezwa nchi nzima mwaka 2013. Mifumo mikubwa kama hiyo ina wataalamu wake na seva zake mbali na hapa. Ofisi ndogo ya Hedaru au Gonja haina msaada huo. Bakapu, yaani nakala za akiba, ni juu yake yenyewe.

Bakapu hiyo kwa kawaida hufanyika usiku, wenye ofisi wakiwa wamelala. Skripti, yaani orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata yenyewe, huamsha programu ya kunakili, husubiri imalize, kisha huenda hatua inayofuata: labda kufuta nakala ya wiki iliyopita ili diski isijae. Hapo ndipo penye hatari. Kama kunakili kumeshindikana na skripti haikuambiwa, itafuta nakala nzuri ya zamani na kubaki na mpya iliyo tupu. Usalama wa ofisi nzima unategemea namna programu moja inavyoiambia nyingine kwamba imeshindwa. Namna hiyo ina historia ya zaidi ya miaka 50, na kila mwenye kumbukumbu za watu mikononi anapaswa kuijua.

Enzi ya mtu kando ya mashine

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Katika mashine za kizazi kile, makosa yaliripotiwa kwa binadamu. Taa ziliwaka, ujumbe ukachapwa kwenye karatasi, na mwendeshaji wa zamu akaamua kama kazi iendelee au isimame. Mashine haikuhitaji kuieleza mashine nyingine lolote, kwa sababu mtu alikuwepo muda wote. Mapema miaka ya 1970 jaribio la kuziweka hesabu za serikali kwenye kompyuta lilikwama vibaya, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini.

Mwaka huohuo wa 1974, mwezi Julai, Dennis Ritchie na Ken Thompson wa maabara za Bell, New Jersey, walichapisha makala iliyoutambulisha mfumo wao wa kuendesha kompyuta, Unix, kwa wanasayansi wa dunia. Ndani ya Unix, kila programu huanzishwa na programu nyingine, na inapomaliza huiachia iliyoianzisha namba moja ndogo. Namba hiyo inatosha kwenye biti 8, kwa hiyo ni kati ya 0 na 255. Sifuri maana yake kazi imekamilika. Namba nyingine yoyote maana yake pana tatizo. Mpango huo una mantiki yake: kufanikiwa kuna namna moja tu, kushindwa kuna namna nyingi, na kila namna inastahili namba yake.

Toleo la saba la Unix, la mwaka 1979, ndilo lililoipa namba hiyo nguvu. Lilikuja na programu ya kupokea amri iliyoandikwa na Steve Bourne, ambamo neno la sharti, *if*, huendesha amri na kutazama namba iliyoachwa: ikiwa sifuri, fanya hivi, la sivyo, fanya vile. Toleo hilohilo lilileta *tar*, programu ya kufungasha mafaili kwenye kanda za sumaku, ambayo inatumika hadi leo. Kwa maneno mengine, chombo cha kutunza nakala na skripti ya kukisimamia vilitoka katika toleo moja.

Kabla ya hapo, Unix ilikuwa imekwisha kutenganisha maneno ya kazi na maneno ya makosa. Steve Johnson, aliyekuwa maabara za Bell, alisimulia kwamba mashine ya kupanga chapa iliwahi kuharibu kazi mara kadhaa kwa sababu ujumbe wa kosa ulipangwa kwenye karatasi ghali ya picha badala ya kuonekana kwenye skrini. Tangu hapo kila programu ikawa na njia mbili za kutolea maneno: moja ya matokeo, nyingine ya malalamiko. Malalamiko ni ya binadamu, namba ni ya skripti.

Jibu la katikati

Mgawanyo wa sifuri na isiyo sifuri unatosha kwa kazi nyingi. Amri ya kufuta faili imefuta au haikufuta. Bakapu haiko hivyo. Mafaili 9,998 kati ya 10,000 yanaweza kunakiliwa vizuri na mawili yakagoma. Je, hiyo ni salama au si salama? Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya historia ya vyombo hivi ni juhudi ya kulijibu swali hilo kwa uaminifu.

Toleo la GNU la *tar* lilichagua namba tatu. Sifuri ni heri. Mbili ni kosa kubwa. Moja iko katikati, na kwenye bakapu mara nyingi husema kwamba faili fulani lilibadilika wakati likisomwa. Karani anayeandika kwenye leja saa ileile inayonakiliwa ndiye huifanya *tar* iiache namba hiyo.

Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, wakiwa Australia, walitoa *rsync*. Waliibuni kwa ajili ya njia za mawasiliano za polepole: badala ya kutuma faili zima, inatuma sehemu zilizobadilika tu. Kwa mtu anayetaka kushusha kumbukumbu za Chome au Mbaga hadi Same mjini kwa mtandao wa simu, huo ni msaada mkubwa. Namba zake ni nyingi zaidi. 12 inaashiria mawasiliano yaliyovurugika njiani, 30 ni muda wa kusubiri kwisha. 23 inasema baadhi ya mafaili hayakuhamishwa kwa sababu ya makosa. 24 inasema baadhi ya mafaili yalitoweka kabla hayajafikiwa, jambo la kawaida kwenye kompyuta inayotumika, kwa kuwa mafaili ya muda huzaliwa na kufutwa kila dakika. Msimamizi mzoefu huielekeza skripti yake iivumilie 24 na ipige kelele kwa 23.

Vyombo vipya zaidi vimepitia njia hiyohiyo. Borg, uliotengwa na mradi wa Attic mwaka 2015, ulianza na 0 kwa heri, 1 kwa onyo, 2 kwa kosa. Restic, tangu toleo la 0.10 la mwaka 2020, huacha 3 pale nakala imeundwa lakini baadhi ya mafaili hayakusomeka. Mwaka 2024 iliongeza 10 kwa hazina ya nakala isiyokuwepo, 11 kwa hazina iliyofungwa na 12 kwa nywila isiyo sahihi. Robocopy ya Microsoft ina utaratibu wake tofauti: 1 maana yake mafaili yamenakiliwa vizuri, na matatizo ya kweli huanzia 8. Anayehamisha skripti kutoka Linux kwenda Windows bila kulijua hilo ataona kushindwa kila usiku ambao kazi imekwenda vizuri.

Ukimya unapodanganya

Namba hailindi kitu kama hakuna anayeisoma. Mtego mmoja wa zamani ni pale amri mbili zinapounganishwa: ya kwanza inatoa kumbukumbu kwenye hifadhidata, ya pili inazibana ziwe ndogo. Kwa kawaida skripti hupata namba ya amri ya mwisho tu. Hifadhidata ikikataa kufunguka, amri ya kubana itabana utupu kwa ufanisi kabisa na kuacha sifuri. Dawa, inayoitwa *pipefail*, iliingia kwenye Bash, programu ya kupokea amri, mwaka 2004, na ni mwaka 2024 tu ilipowekwa kwenye viwango rasmi vya POSIX.

Tukio linalofundisha kuliko yote ni la GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi aliyekuwa akipambana na tatizo usiku alifuta data kwenye seva isiyo sahihi. Walipokimbilia nakala za kila siku, waliikuta hazina tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa ya 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa. Iliripoti kushindwa huko kwa barua pepe, lakini barua zenyewe zilikataliwa njiani kwa sababu hazikuwa na uthibitisho wa mtumaji. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa kazi nyingine saa sita kabla. Kazi ya saa hizo sita ilipotea.

Kwa ofisi za Same

Wapare wanaijua hali hii ya kushindwa kimyakimya kwa maji. Ndiva, bwawa dogo la umwagiliaji, hukusanya maji ya chemchemi usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani, na kizibo kikivuja, mwenye zamu atagundua hivyo wakati jembe tayari liko begani. Ndiyo maana ndiva hukaguliwa. Bakapu nayo ikaguliwe.

Mazingira yetu yanaongeza uzito wa jambo hili. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, programu haifi na namba yoyote: inanyamaza tu, na skripti inanyamaza nayo. Mtandao ukianguka, hata ujumbe wa kosa hautafika. Kwa hiyo kusubiri taarifa ya kushindwa ni kosa. Skripti itume taarifa ya *kufanikiwa* kila usiku, na asubuhi isipofika, mtu ainuke akatazame. Ifute nakala ya zamani baada tu ya kuiona sifuri ya nakala mpya. Iandike namba ya kila usiku kwenye faili, ili mwenye zamu aone ni lini mambo yalianza kuharibika. Namba za katikati ziamuliwe mapema, kwa maandishi, na si na karani aliyeachiwa funguo. Na mara moja kwa mwezi nakala irejeshwe kwenye kompyuta nyingine, ifunguliwe, isomwe. Hata sifuri inathibitisha tu kwamba programu haikuona kosa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisipotee wala kuharibiwa. Jukumu hilo halibagui hospitali kubwa ya jijini na zahanati ya mlimani. Mama aliyeweka akiba yake kwa miaka kumi hana haja ya kujua *rsync* ni nini. Ana haki ya kumkuta mhasibu ambaye, kabla ya kufungua dirisha asubuhi, amekwisha kuitazama namba ya usiku.